Tabu ya Hiari: Babati, Mbulu na Mbio za Mwaka 1968

Msafiri atokaye Arusha kwenda Dodoma, kwa barabara ile ambayo Waingereza waliiota kuwa kipande cha njia moja ya kutoka Cape hadi Cairo, hana budi kupita Babati. Mji umekaa baina ya Mlima Kwaraa na ziwa lenye viboko, na watu wake ni mchanganyiko wa Wagorowa wenye nchi, Wairaqw walioteremka kutoka nyanda za juu za Mbulu, Wadatoga wenye ng'ombe, Warangi kutoka Kondoa, na wafanyabiashara wa kila kabila. Tangu mwaka 2002, Mkoa wa Manyara ulipomegwa kutoka Arusha, Babati ndiyo makao makuu yake. Wilaya ya Babati yenyewe ilizaliwa mwaka 1985 kwa kugawanywa Hanang, nayo Hanang ilikuwa imetoka katika ubavu wa Mbulu mwaka 1969. Nasaba hii ya wilaya inaweza kumchosha msomaji wa visiwani, lakini naomba anivumilie, kwani bila hiyo kisa nitakachokieleza hakina kwao. Mwaka 1968 Babati, Katesh, Karatu na Mbulu zote zilikuwa wilaya moja, na wilaya hiyo moja iliipa Tanzania wakimbiaji watatu ambao dunia haijawasahau: John Stephen Akhwari wa Mbulu, Filbert Bayi wa Karatu na Gidamis Shahanga wa Katesh.

Swali linalonishughulisha ni la zamani kuliko mbio zote. Je, binadamu aweza kujiwekea akiba ya ustahimilivu kabla ya siku ya dhiki, kama mkulima wa Babati anavyoweka mahindi ghalani kabla ya kiangazi? Je, tabu anayoitafuta mtu kwa hiari yake, siku ambayo hakuna aliyemlazimisha, yaweza kumfaa siku ile tabu itakapomjia bila ya kubisha hodi?

Si swali la kuchezea katika nchi ile. Mwaka 1990 maji ya Ziwa Babati yalijaa yakaingia mjini. Tarehe 3 Desemba 2023 sehemu ya Mlima Hanang iliporomoka baada ya mvua kubwa, na tope lililochanganyika na mawe na magogo likaingia Katesh asubuhi. Watu zaidi ya themanini wakapoteza maisha. Hakuna mazoezi ya mwili yanayomzuia mtu kuchukuliwa na tope la mlima, na atakayesema kwamba waliokufa walikosa ustahimilivu atakuwa amesema neno la aibu. Nayasema haya mapema ili tusielewane vibaya: ninachokitafuta hapa ni kitu kidogo zaidi, tena kigumu zaidi kukieleza.

Turudi mwaka 1968. Tarehe 20 Oktoba, saa tisa alasiri, wakimbiaji 75 waliondoka katikati ya Mexico City kwenda kukimbia marathoni ya Michezo ya Olimpiki. Mji ule uko mita 2,240 juu ya usawa wa bahari, na hewa yake ni nyepesi kiasi cha kumhadaa mtu mwenye pumzi nzuri. Miongoni mwao alikuwako Akhwari, aliyezaliwa Mbulu mwaka 1938, wakati huo ana umri wa miaka thelathini. Njiani misuli ikaanza kumkaza. Kisha, kabla ya nusu ya safari, katika msongamano wa wakimbiaji waliokuwa wakigombea nafasi, akaanguka. Goti likateguka na kuchubuka, na bega likaumia kwa kugonga chini. Akafungwa bendeji, akainuka, akaendelea.

Mshindi, Mamo Wolde wa Ethiopia, aliingia uwanjani kwa saa 2 na dakika 20. Akapewa medali yake. Jua likazama, watu wakaanza kwenda zao, taa zikawashwa. Zaidi ya saa nzima ikapita. Ndipo ilipokuja habari kuwa yuko mmoja bado yuko njiani. Akhwari aliingia akichechemea, bendeji ikimning'inia mguuni, akatembea pale asipoweza kukimbia, na akakimbia pale alipoweza, mpaka akavuka mstari kwa saa 3, dakika 25 na sekunde 27. Alikuwa wa 57, na 57 ndiyo idadi ya wote waliomaliza. Kumi na wanane walikuwa wameacha njiani.

Alipoulizwa kwa nini hakuacha naye, alijibu kwamba nchi yake haikumtuma maili 5,000 aende kuanza mbio; ilimtuma akazimalize. Maneno hayo yamezunguka dunia kwa Kiingereza, yamechapwa katika vitabu vya wafanyabiashara na makocha, na yametundikwa katika kuta za ofisi ambazo watu wake hawajui Mbulu iko upande gani wa Afrika. Mimi ambaye kazi yangu ni kuhamisha maneno kutoka lugha hii kwenda ile, kila ninapoyarudisha maneno haya katika Kiswahili huona uzito wote unakwenda kukaa katika kitenzi kimoja: kutumwa. Mtumwa hutumwa, na mjumbe pia hutumwa. Tofauti ya wawili hao ni kwamba mjumbe alikuwa na nafasi ya kukataa. Akhwari alikuwa nayo nafasi hiyo tangu Mbulu, siku ya kwanza alipoanza kukimbia pasipo kufukuzwa na mtu. Na alikuwa nayo tena pale alipolala chini na goti limeteguka, kwa kuwa hapakuwa na mtu yeyote duniani ambaye angemlaumu.

Hapa ndipo ninapotofautiana na simulizi moja iliyozoeleka. Wageni wanapoandika habari za wakimbiaji wetu wa bara, hupenda kusema kwamba watu hawa ni hodari kwa sababu walikwenda shule kwa miguu, kwa sababu walichunga ng'ombe vilimani, kwa sababu walikulia katika umaskini. Kwa ufupi: dhiki iliwafunza. Simulizi hiyo ni tamu, na ina ladha ya sifa, lakini haisimami. Maelfu na maelfu ya watoto wa Mbulu, Babati na Hanang walikwenda shule kwa miguu, na wangapi wakawa wakimbiaji? Mtoto anayetembea kilomita nane kwa kuwa serikali haijajenga shule karibu hafanyi mazoezi. Anachoka tu, na darasani anasinzia. Hakuichagua njia ile wala hawezi kuiacha. Umaskini haumfunzi mtu kuvumilia zaidi ya kumfunza kuogopa, na mara nyingi humla zile nguvu ambazo angezitumia kujifunza chochote.

Alichokifanya Akhwari na wenzake ni jambo jingine kabisa. Baada ya jembe na ng'ombe, baada ya kazi zote ambazo hawakuwa na budi kuzifanya, waliongeza juu yake kazi moja isiyo na lazima. Anayeijua ile njia ya kutoka Mbuyu wa Mjerumani kupanda ukuta wa Magara kwenda Mbulu, namna inavyojikunja na kujikunja tena mpaka gari lenyewe linalalama, ataelewa nini maana ya kuchagua kupanda kwa mbio mahali ambapo kupanda kwa mwendo wa kawaida kunatosha. Katika tabu ya namna hiyo ufunguo wa mlango unao mwenyewe mkononi. Kila siku mwili unakuomba uache, na kila siku unaweza kuacha, na hakuna atakayejua. Mtu anayekutana na ombi hilo mara mia tano akiwa salama, siku ya mia tano na moja, akiwa amelala barabarani Mexico City, hasikii sauti ngeni. Anaifahamu. Anajua inasema nini, na anajua kwamba baada ya kusema sana huwa inanyamaza.

Nadhani hilo ndilo pekee linalopatikana. Mazoezi hayakumzuia Akhwari kuanguka, wala kukaza misuli, wala hayakumpa medali. Maandalizi yake yalianza kufanya kazi pale ambapo matumaini yake yalikuwa yamekwisha. Juma Ikangaa, yule mwanajeshi wetu aliyeshinda marathoni ya New York mwaka 1989 kwa saa 2, dakika 8 na sekunde 1, husimuliwa kuwa alisema nia ya kushinda si kitu bila ya nia ya kujiandaa. Ni neno zuri, lakini kisa cha Mbulu kinaliongezea kitu: nia ya kujiandaa huwafaa hata wasioshinda, na pengine hao zaidi.

Kuna mtu mwingine katika mbio zile ambaye hatajwi sana tunapomsifu Akhwari, naye ni Abebe Bikila. Muethiopia huyo alikuwa ameshinda marathoni ya Olimpiki mara mbili mfululizo, Roma mwaka 1960 akiwa miguu mitupu, na Tokyo mwaka 1964. Mexico City alianza akiwa na mguu unaouma, akaenda takriban kilomita 17, akaacha. Je, alikuwa dhaifu kuliko Akhwari? Wanaopenda hadithi nyepesi hawajui wafanye nini na Bikila. Mwezi Machi mwaka uliofuata alipata ajali ya gari na hakutembea tena. Mwaka 1970 alikuwa Uingereza, katika kiti cha magurudumu, akishindana kulenga shabaha kwa upinde na mshale katika michezo ya walemavu. Alifariki mwaka 1973. Sioni kwamba siku ile aliyoacha mbio na siku ile aliyoshika upinde zinapingana. Mtu aliyezoea tabu ya hiari hujifunza pia kupima, na kujua lini kuendelea ni ushujaa na lini ni ubishi mtupu. Kuendelea siku zote bila kupima ni jambo ambalo hata punda hulifanya, mpaka aanguke na mzigo.

Bayi naye ana lake la kutufunza. Tarehe 2 Februari 1974, huko Christchurch, katika mbio za mita 1,500 za Michezo ya Jumuiya ya Madola, aliongoza kuanzia mlio wa bastola mpaka utepe, akavunja rekodi ya dunia kwa dakika 3 na sekunde 32.2, huku John Walker wa New Zealand akimkimbilia nyuma. Wajuzi wa mbio watakwambia kuwa kuongoza tangu mwanzo ndiyo njia ngumu kuliko zote, kwani anayeongoza hukata upepo kwa ajili ya wengine. Bayi aliichagua. Mwaka 1976 dunia nzima ilingoja kuwaona wawili hao tena Montreal, na Tanzania, pamoja na nchi nyingi za Afrika, ikasusia michezo ile kwa sababu ya uhusiano wa New Zealand na Afrika Kusini ya makaburu. Ulikuwa uamuzi wa haki, nami ningeuunga mkono hata leo. Lakini kwa kijana wa Karatu mwenye umri wa miaka ishirini na tatu ulikuwa mlango uliofungwa na mkono usio wake. Miaka minne baadaye, Moscow, alirudi katika mbio nyingine kabisa, mita 3,000 za kuruka vizuizi na dimbwi la maji, akapata medali ya fedha. Wakati huo Shahanga wa Katesh alikuwa amekwisha kuleta nyumbani dhahabu ya marathoni kutoka Edmonton mwaka 1978, na Brisbane mwaka 1982 akaongeza ya mita 10,000.

Taifa lenyewe, katika miaka ile, lilikuwa likijaribu jambo lilelile. Oktoba 1966 wanafunzi wa chuo kikuu waliandamana Dar es Salaam kupinga kulazimishwa kwenda Jeshi la Kujenga Taifa. Mwalimu Nyerere aliwarudisha makwao zaidi ya mia tatu, na papo hapo akapunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Mwaka uliofuata, baada ya Azimio la Arusha, vijana wakaanza matembezi marefu ya kuliunga mkono, na Oktoba 1967 Mwalimu mwenyewe alitembea kwa miguu kutoka Butiama hadi Mwanza kwenye mkutano wa TANU, mwendo wa siku kadhaa. Rais anayetembea ilhali ana gari, huyo amechagua. Lakini mwaka 1973 kuhamia katika vijiji kulipofanywa amri, na watu wakabebwa na malori pamoja na vyombo vyao, hapakuwa tena na la kuchagua. Katika nyanda za Hanang Wabarabaig walikuwa wakipoteza malisho yao kwa mashamba makubwa ya ngano ya serikali. Tabu ilikuwapo tele, pengine zaidi ya ile ya matembezi, wala sijaona mtu aliyesema kwamba ilimkomaza. Viongozi wanaowahubiria wananchi kufunga mikanda wangepaswa kukumbuka kwamba mkanda unaofungwa na mkono wa mwingine jina lake ni kamba.

Msomaji wa pwani huenda akauliza: sisi na mbio za bara tuna nini? Tuna saumu. Mbali na Ramadhani, ambayo ni faradhi, wako kati yetu wanaofunga Jumatatu na Alhamisi, siku ambazo hakuna anayewadai. Wazee wetu hawakuhitaji kusoma barua za Seneca, tajiri yule wa Roma ambaye alimshauri rafikiye atenge siku chache za kula chakula duni na kuvaa nguo za kukwaruza, ajiulize kama hicho ndicho alichokuwa akikiogopa. Nilipokuwa nikimfasiri Seneca kwa vipande, kwa kamusi na kwa faida yangu mwenyewe, nilicheka kidogo: mwalimu wa Kaisari Nero alilazimika kuliandikia waraka jambo ambalo bibi yangu alilifanya kila wiki bila ya kulitaja. Hata hivyo tusimcheke sana. Mwaka 65 Nero alipomwamuru ajiue, waliosimulia wanasema hakubabaika.

Na zaidi ya saumu, tuna ushairi. Nani alitulazimisha mizani kumi na sita katika mshororo? Askari gani anasimama mlangoni akidai kina cha kati kifanane na kina cha kati? Tumejitia pingu hizi wenyewe, na malenga wetu tangu enzi ya Muyaka bin Haji wamekuwa wakilumbana ndani yake kwa furaha. Waliotaka tuzivue wana hoja zao, nami sina ugomvi nao. Lakini tazama lililotokea mwaka ule ule wa 1968. Mwezi mmoja tu baada ya Akhwari kuvuka mstari gizani, kijana wa Mombasa mwenye umri wa miaka ishirini na miwili, Abdilatif Abdalla, alisambaza waraka uitwao Kenya: Twendapi? Mwaka 1969 akafungwa kwa ajili yake, akakaa kifungoni hadi mwaka 1972, muda mrefu akiwa peke yake. Karatasi hakuruhusiwa. Akaandika mashairi katika karatasi za chooni, na mwaka 1973 yakatoka kwa jina la Sauti ya Dhiki, kitabu kilichopata Tuzo ya Jomo Kenyatta mwaka 1974, tuzo yenye jina la rais yule yule ambaye serikali yake ilimfunga.

Tunapokisoma kitabu kile tunastaajabia ujasiri wa mtu, na ni haki yetu. Mimi hustaajabia pia kwamba mizani imetimia. Katika chumba cha pweke, kwa kipande cha karatasi kinachoraruka, mtu bado anahesabu. Abdilatif hakujifunza kuhesabu gerezani. Alikulia katika nyumba ya washairi, nduguye akiwa Ahmad Nassir, na alikuwa amezoea kuubana ulimi wake kwa hiari siku ambazo angeweza kusema ovyo. Walipomnyima kila kitu, hesabu ile hawakuiona ili wainyang'anye. Kwangu mimi karatasi zile na bendeji ile ya Mexico City ni za kisa kimoja, na sishangai kwamba vimeachana kwa miezi michache tu.

Mbegu ya bara nayo haijafa. Tarehe 15 Septemba 2025, huko Tokyo, Alphonce Simbu wa Singida, mkoa unaopakana na Manyara, alishinda marathoni ya mashindano ya dunia kwa saa 2, dakika 9 na sekunde 48. Mjerumani Amanal Petros alipewa muda huo huo, na picha ndiyo iliyoamua. Ilikuwa dhahabu ya kwanza ya Tanzania katika mashindano hayo, miaka minane baada ya Simbu kupata shaba London.

Akhwari alitunukiwa nishani ya ushujaa ya taifa mwaka 1983, akaalikwa Sydney mwaka 2000 wakati wa Olimpiki, na mwaka 2008 akafanywa balozi wa hiari wa michezo ya Beijing. Maisha yake alirudi kuyaishi Mbulu, akilima. Picha yake inayojulikana ni ile ya bendeji na giza, na wengi wanaoiona hudhani kuwa hapo ndipo miguu yake ilipokomea. Julai 1970, miezi ishirini na moja baada ya goti kuteguka, alisimama Edinburgh kwenye mstari wa kuanzia marathoni ya Michezo ya Jumuiya ya Madola. Alikimbia kwa saa 2, dakika 15 na sekunde 5, upesi kuliko muda uliompa Mamo Wolde dhahabu kule Mexico City. Alikuwa wa tano.